Sura ya Saba: Mkanda wa Marehemu Ngosha

"Unaupeleka wapi?" Bi Mastura aliuliza, na mikono iliyokuwa ikifunga vifuko vya barafu za ukwaju ikasimama.

"Mjini, kwenye ile mashine ya rangi," alijibu Inspekta Wilhelmina. "Siku hizi wanasafisha picha huku unasubiri."

"Haya, peleka. Wakishamaliza kusafisha, nenda moja kwa moja kamwambie mama yake Kija aanze kulia."

Wilhelmina aliweka kikombe cha chai chini. Hakuwa amekuja Nyakato kufundishwa kazi. Alikuja kwa swali moja tu: je, kamera hii iliyokuwa mezani ndiyo ile ambayo Bi Mastura alimuuzia Ngosha wa Mkolani, mpiga picha za vitambulisho, aliyekutwa Jumapili kwenye mawe ya mwaloni, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, kichwa kimepasuka na maji yanamgongagonga? Swali lilishajibiwa. Ndiyo yenyewe. Bi Mastura aliitambua kwa jeraha la kwenye kona, aliloipatia mwenyewe alipoiangusha kwenye harusi ya bintiye Raya, zamani studio yake na mumewe ilipokuwa ikijaza foleni mpaka barabarani.

"Sikuelewi, mama," alisema Wilhelmina.

"Utanielewa. Ngosha hakuwahi kupiga picha ya rangi hata siku moja. Mkanda uliomo humo ni wa nyeusi na nyeupe. Dawa ya ile mashine ni ya rangi. Ukiingiza huu, inakula kila kilichomo. Unarudishiwa kitu cheupe pe, unaona mpaka upande wa pili. Sisi tuliokuwa kwenye kazi hii tunalijua hilo. Wengine wote ndio mnakwenda kuharibikiwa huko, halafu mnalaumu shetani."

Wilhelmina aliivuta kamera karibu yake. Kesho asubuhi Kija, mshona nyavu, angesomewa shitaka la mauaji, na shitaka hilo halina dhamana. Kijana alikuwa amekamatwa na kamera ya marehemu mkononi. Alipoulizwa, alisema neno lile lile mara zote: Jumamosi Ngosha alimpiga picha ya kitambulisho cha uvuvi, Jumapili akaiona kamera imebanwa kati ya mawe, akaichukua ili ampelekee mwenyewe. Pale kituoni walimcheka. Mkuu wa upelelezi, Afande Shimba, alikuwa ameshasema faili lifungwe. Kilichobaki upande wa Kija ni mkanda huu tu, na yeye Wilhelmina alikuwa njiani kwenda kuufua.

"Nani alikutuma kwenye mashine?" aliuliza Bi Mastura.

"Hakunituma mtu. Nilishauriwa." Alisita. "Nkwabi, mwenyekiti wa mwalo. Ndiye aliyemkamata Kija. Landrova yetu haina mafuta tangu wiki iliyopita, akajitolea pikapu yake na dereva. Dereva yuko hapo nje, anasubiri anipeleke mjini."

"Mtu mwema."

"Alisema anataka haki itendeke haraka."

"Nkwabi wako wengi humu Usukumani," alisema Bi Mastura, akarudi kwenye barafu zake.

Wilhelmina aliigeuzageuza kamera akifikiri. Inawezekana kabisa Nkwabi hakujua. Yeye mwenyewe alimwambia juzi, huku akicheka, "Mimi, Afande, kamera hata pa kubonyeza sipajui." Mtu asiyejua anaweza kutoa ushauri mbaya kwa nia njema, na hilo si kosa la jinai. Lakini dereva kusubiri nje injini ikinguruma, na tajiri wake kuulizia mara mbili kama mkanda umeshapelekwa, hayo nayo si ya kupuuza.

"Bi Mastura, una mkanda wowote uliokufa?"

Mama yule alimtazama, kisha tabasamu likamtoka taratibu. Alikwenda kabatini akarudi na kikopo kidogo cha plastiki. "Huu ulilowa mvua. Hauna faida kwa mtu."

Wilhelmina alitoka nje, akampa dereva ule mkanda uliolowa, akamwambia auwahishe mjini na majibu yaletwe kituoni. Yeye angefuata baadaye. Pikapu iliondoka na vumbi lake. Akarudi ndani, akafunga mlango.

"Sasa," alisema, "nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kusafisha mkanda. Hapa hapa, sasa hivi. Nikiupeleka Dar es Salaam utarudi baada ya mwezi. Kija hana mwezi."

"Mie nilishaacha, mwanangu. Hawa watu wa rangi wamekuja wametufuta. Na mikono yangu hii inatetemeka, siwezi kushika mkanda gizani."

"Mikono yangu haitetemeki."

"Subiri kwanza," alisema Bi Mastura, lakini alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni.

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko, chumba cha bati chenye joto la kuokea mikate. Walitundika mablanketi mawili mlangoni na magunia dirishani. Kisha Bi Mastura akamwamuru Wilhelmina akae ndani peke yake, bila kufanya kitu, mpaka macho yazoee.

"Naona giza tu," alisema Wilhelmina.

"Endelea kukaa."

Akaendelea. Na pole pole juu ya kichwa chake zikaanza kutokea nyota. Moja, kisha tatu, kisha bati zima likajaa nyota, saa tano ya mchana katika stoo ya Nyakato. Yalikuwa matundu ya misumari. Wilhelmina, ambaye alikuwa ameingia mle na hasira za kazi, alijikuta ameinua kichwa na mdomo umebaki wazi. Hakujua kama mwanga unaweza kuwa mwingi hivyo mahali alipodhani haupo.

"Umeziona?" sauti iliuliza kutoka nje.

"Nimeziona."

"Kila moja inatosha kumfunga Kija. Ziba." Na bonge la unga wa chapati likapitishwa chini ya blanketi.

Alisimama juu ya ndoo iliyofunikwa akaziba nyota zote, moja moja, mpaka giza likawa giza kweli.

Nje, Bi Mastura alikuwa na makopo yake. Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, ilikuwa ya unga. Alimwaga kidogo kiganjani, akainusa, akaitazama rangi. Ingekuwa nyeusi ingekuwa imekufa. Ilikuwa imebadilika kidogo tu, rangi ya uji wa ulezi. "Mgonjwa huyu, lakini anapumua," alisema. Akaikoroga katika maji ya moto, akayapoza kwa kuweka beseni juu ya barafu zake za ukwaju, huku akizilaani kwa hasara. Alipima kwa kiwiko, namna mtu anavyopima maji ya kumuogeshea mtoto mchanga. Beseni la pili lilikuwa la maji na siki kidogo, ya kuizuia dawa ya kwanza isiendelee. La tatu ni dawa ya kukazia, ili picha isifutike mwanga ukiiona.

"Kushoto, katikati, kulia," alisema. "Yaguse. Tena. Fumba macho uyaguse. Ukiruka beseni moja, usihangaike kutoka humo ndani."

"Nimeelewa, mama."

"Mkanda unashikwa pembeni. Pembeni tu!" Alimpiga kofi dogo la vidole, maana Wilhelmina alikuwa anajifunza kwa kipande cha mkanda wa zamani na dole gumba lilikuwa katikati yake. "Mafuta ya dole yakigusa hapo, umemtia mtu kovu usoni. Sisi tulifundishwa kwa makofi mpaka ikawa tabia. Mpaka leo hata kadi ya kliniki ya mjukuu wangu naishika pembeni."

Waliingia wote wawili. Blanketi likashuka.

"Vua saa," alisema Bi Mastura.

"Kwa nini?"

"Mishale yake inang'aa kijani. Naiona mpaka huku."

Wilhelmina aliivua akaifukia mfukoni. "Sasa tutajuaje muda wa kuutoa?"

"Mimi huvuta tasbihi. Wewe ni wa dini gani?"

"Mkatoliki. Mzaliwa wa Nansio."

"Basi mna rozari. Kwa joto hili, makumi mawili ya Salamu Maria yanatosha, lakini kwa mwendo wa kanisani, wa wale kina mama wa mbele wanaovuta kila neno. Mimi na zangu, wewe na zako, tutakutana mwishoni. Fungua kamera."

Akafungua. Vidole vyake vilikuta kile kijikopo cha chuma, vikakibandua kifuniko, vikaupata mkanda. Ulikuwa mlaini na mkaidi, unataka kujikunja tena. Aliushika ncha mbili, kama alivyofundishwa, ukaning'inia kati ya mikono yake, akaushusha ndani ya beseni la kushoto. Mkono huu ukipanda, ule unashuka. Aliisikia dawa ikiteleza juu yake. Mbele ya uso wake hakukuwa na kitu chochote, wala mikono yake, wala mama aliyekuwa akinong'ona "Subhanallah" pembeni yake, tasbihi ikigonga punje kwa punje.

Alianza Salamu Maria vizuri, kwa mwendo wa kina mama wa mbele. Lakini akamkumbuka Suzana, mama yake Kija. Suzana alikuwa ameketi nje ya kituo tangu Jumapili na hotpoti ya ugali na samaki wadogo wa furu magotini, chakula anachokileta cha moto na kukirudisha cha baridi. Akamkumbuka Kija akiuliza kesho ni siku gani. Na midomo ikaanza kukimbia. Salamu Maria ziligongana, moja ikimpanda mwenzake mgongoni, mpaka zikaisha.

"Amina," alisema, akauhamisha mkanda.

"Amina ya wapi? Mimi hata nusu sijafika!"

"Nimemaliza makumi mawili."

"Umeyamaliza au umeyafukuza? Rudisha!"

"Umeshaingia kwenye siki."

Tasbihi ikaacha kugonga. "Ya Rabi," alisema Bi Mastura. "Na kesi zenu huko polisi mnazikimbiza hivyo hivyo? Basi, usirudi nyuma. Utaharibu zaidi. Nenda la tatu."

Wilhelmina alikwenda la tatu. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Huko gizani aliogopa kwelikweli, kuliko siku aliyomvamia jambazi huko Kirumba bila silaha. Jambazi alikuwa anaonekana.

Baada ya tasbihi nzima ya Bi Mastura, blanketi liliinuliwa na magunia yakaondolewa dirishani. Mwanga ukawapiga machoni. Katika beseni mkanda ulikuwa na ukungu wa maziwa, na ukungu ule ulikuwa unaondoka wakiutazama, unayeyuka kutoka pembeni kuelekea katikati, na nyuma yake watu wanabaki. Watu! Vichwa vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, ambavyo dakika chache zilizopita havikuwa popote duniani.

"Mama," alinong'ona Wilhelmina. "Wamo."

"Wamo, lakini wamekonda." Bi Mastura aliuinua mkanda dirishani, akasonya. "Tazama ulivyonifanyia. Mwepesi, unapeperuka. Uliutoa mbichi."

Kweli, ukiutazama kinyume cha mwanga, uliona vivuli hafifu tu: watu wenye nywele nyeupe, meno meusi, na macho ya mizimu. Hata mama aliyekuzaa usingemtambua. Na karatasi za kuchapia Bi Mastura hakuwa nazo. Zote zilikwisha kuliwa na mchwa. Wilhelmina aliikalia ndoo.

"Nimemuua," alisema. "Nimemuua kwa haraka zangu."

Bi Mastura alikuwa anautazama mkanda, kisha mlango, kisha mkanda. Kwenye msumari wa mlango lilining'inia baibui lake jeusi la kutokea. Alilitwaa, akalitandaza juu ya meza karibu na dirisha, akaulaza mkanda juu yake, ule upande usiong'aa ukiwa juu. Akaliinua baibui upande mmoja, pole pole.

"Usiangalie kupitia. Angalia juu yake. Sogeza kichwa kushoto."

Wilhelmina alisogeza kichwa.

Nywele zikawa nyeusi. Meno yakawa meupe. Watu wote wa Ngosha waligeuka kwa pamoja wakawa watu, wakamtazama kutoka kwenye kitambaa kile wakiwa wazima, wenye rangi ya fedha, hai kabisa. Mama mwenye kilemba. Mzee aliyekunja uso. Msichana wa shule. Inspekta wa polisi, mwenye miaka kumi na kitu kazini, alijiziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Yesu na Maria," alisema. "Hii ni nini?"

"Ni mkanda mwepesi juu ya kitu cheusi. Ungesali vizuri usingeiona. Ulioiva sawasawa unakuwa mzito, haufanyi hivi." Bi Mastura alijikohoza, akaona haya kidogo kwa kulazimika kusema. "Marehemu mume wangu alikuwa akiutoa mbichi makusudi, kuwafurahishia wanangu."

Na baada ya msichana wa shule, alikuwepo Kija. Vifungo vya shati vimefungwa mpaka shingoni, mashavu yamevimba kwa kuzuia kicheko. Alikuwa amesema kweli. Alipigwa picha Jumamosi.

Baada ya Kija nyuso ziliisha, likaanza ziwa. Bi Mastura alileta lenzi ya kukuzia. Picha ya kwanza: mtumbwi na madumu, yana fuvu na ua la pamba ubavuni. Wilhelmina aliyajua madumu hayo. Ni dawa ya pamba, ya kuulia wadudu, na mwaloni watu walikuwa wakinong'ona muda mrefu kwamba kuna anayeimwaga ziwani ili samaki waelee wenyewe. Picha ya pili: mwanamume ameinama, anamimina. Ya tatu: mwanamume yule yule amegeuza shingo, amemwona mpiga picha. Ya nne na ya mwisho ilikuwa imelala upande, ziwa limepanda mbinguni, na uso umejaa nusu ya picha, na juu ya uso ule kafi limeinuliwa.

Ngosha alibonyeza akiwa anaona linakuja.

Bi Mastura aliishusha lenzi. Akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema Nkwabi wako wengi. Kumbe ni huyu."

"Unamfahamu?"

"Nimfahamu? Amefagia studio yangu kabla ya kukimbilia kwenye uvuvi wa sangara. Alikuwa anamkorogea marehemu dawa katika mabeseni haya haya."

Wilhelmina alilikunja baibui pamoja na mkanda uliokwisha kukauka, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. "Nitalirudisha, mama."

"Litarudi lina harufu ya siki. Nenda."

Nkwabi alifika kituoni alasiri, ameshika bahasha. Afande Shimba alikuwepo, amekaa kwenye kona ya meza, hana furaha na kazi hii isiyokwisha.

"Pole sana, Afande," Nkwabi alimwambia Wilhelmina. "Nimeleta mwenyewe. Mashine imetoa mtupu. Nadhani kamera iliingia maji."

"Hebu tuone."

Nkwabi alifungua bahasha, akautoa mkanda mweupe pe, akauinua waone. Shimba aliupokea kwa kiganja kizima, akaubonyeza kwa dole gumba katikati, kama mtu yeyote. Akamrudishia. Na Nkwabi akaupokea tena kwa ncha za vidole viwili, pembeni, bila kufikiri.

Wilhelmina alivitazama vile vidole.

"Umesema kamera huijui, Bwana Nkwabi."

"Hata pa kubonyeza, Afande."

"Nani alikufundisha kushika mkanda namna hiyo?"

Nkwabi aliangalia mkono wake mwenyewe. Wilhelmina alitandaza baibui mezani, chini ya dirisha, akaliinua upande mmoja.

"Afande Shimba, sogeza kichwa kushoto kidogo. Hapo. Na wewe, Nkwabi, njoo. Hii unaijua."

Shimba aliinama akiwa na neno la kejeli mdomoni, na neno likabaki humo humo. Alinyanyua uso kutoka kwenye kitambaa mpaka kwa mtu aliyesimama mbele yake, akashuka tena kwenye kitambaa. Nkwabi naye aliinama. Alijiona akitokea kwenye weusi, kafi juu ya kichwa, na akarudi nyuma hatua nzima mpaka akaugonga mlango, ambako konstebo alikuwa ameshasimama.

"Niliitafuta usiku kucha kwenye yale mawe," alisema, na hakuwa anamwambia mtu.

Shimba alisimama. Alivaa kofia yake vizuri, kama vile ameingia mtu mkubwa. "Inspekta," alisema, "huu mkanda nani kausafisha?"

"Mimi, Afande. Nyumbani kwa mtu. Kwenye mabeseni."

Alisubiri karipio. Shimba aliutazama tena ule uso wa fedha, kisha akachukua funguo ukutani akampa.

Suzana aliposikia komeo, aliinuka na hotpoti yake. Kija alitoka akifumbafumba macho kwa mwanga, viatu mkononi, shati lile lile la kwenye picha sasa halina vifungo. Mama yake alimshika mashavu, akamgusa paji, akamgusa shingo, akahakikisha kila kipande. Wilhelmina alisimama kando na baibui kifuani, hajui aanzie wapi kuomba radhi.

Kija ndiye aliyegeuka kwake.

"Shikamoo, Afande. Samahani," alisema. "Picha yangu ilitoka?"

"Marahaba," alisema Wilhelmina, akianza kulikunjua baibui. "Ilitoka. Njoo dirishani, na mama aje aone."